Kijiti Penye Alama ya Mwisho

Nakumbuka, mwanangu, asubuhi moja pale Sake, ziwa limetulia, na bwana mmoja Mbelgiji yumo majini mpaka kifuani, mbao mbili zimefungwa miguuni, anatukana. Mimi nilikuwa ndani ya boti lake nimeshika usukani, na moteri ilikuwa imelegea tena.

Unacheka. Hata sisi tulicheka, ila kwa siri. Bwana yule alikuwa na shamba na ng'ombe huko juu Masisi, na kila Jumamosi alishuka Sake ili avutwe kwa kamba juu ya maji, kwa raha tu. Moteri ya boti lake haikuning'inizwa nyuma. Ilikaa ndani, katikati, chini ya kifuniko cha mbao. Mimi, kijana wa Walikale niliyejifunza kazi kwenye malori, ndiye niliyeitunza, na nilijiona mtu. Nilitembea na kalamu mfukoni, na sikuwa na cha kuandika.

Ugonjwa wa moteri ile ulikuwa wa kuja na kuondoka. Tukienda polepole, ilitembea kutwa bila kukohoa. Ukiikaza imvute bwana, ilikwenda vizuri kitambo, kisha nguvu zinaisha, bwana anazama. Tukitulia kidogo inaamka, kana kwamba haikuwa na neno. Nilibadilisha bugi, ile plagi ya kuwasha moto, nikasafisha karbirateri, nikagusa hiki na kile kwa pamoja kama mnavyofanya ninyi na pikipiki zenu, na kila ilipoamka nilidhani nimeiponya mimi.

Siku ile bwana alipotoka majini hakuniuliza moteri ina nini. Aliniuliza jambo ambalo alikwisha kuliamua. Esansi, yaani petroli, ilikaa kibandani, na ufunguo wa kibanda alikuwa nao zamu wake, yaani mlinzi, Papa Kibira, mzee wa kwetu Walikale aliyekuwa mwindaji kabla magoti hayajamkataa.

"Zamu anauzisha esansi yangu, anajazisha maji," bwana alisema. "We njo fundi. Maji iko mule ndani ao haiko?"

Papa Kibira alikuwa amesimama palepale. Nilijua wizi wa namna hiyo unampeleka mtu wapi: gereza la teritwari, yaani la wilaya, na fimbo mgongoni mbele ya watu. Nilijua pia kwamba bwana anapenda jibu fupi.

"Labda, bwana," nikasema.

Neno moja tu. Wazee walisema ulimi hauna mfupa, nami siku ile niliuona wangu ukijikunja. Bwana alimnyang'anya mzee ufunguo, akasema Jumatatu atampeleka Masisi kwa mkubwa wa teritwari, kisha akapanda gari akaenda kula.

Nilingoja mzee anitukane. Heri angenitukana. Alikaa juu ya jiwe, akapangusa magoti yake, akaniuliza kwa sauti ya kawaida:

"Mutoto, nyama ikipigwa mukuki, ikakimbia, na damu ikapotea mu majani, kwetu tunafanya nini?"

Nilijua. Kila mtoto wa pori anajua. Penye tone la mwisho uliloliona kwa macho yako unachomeka kijiti. Unazunguka kutafuta tone lingine, na usipolipata, unarudi kwenye kijiti, si kwenye mawazo yako. Anayeruka alama humfuata mnyama mzima, na yule aliyejeruhiwa anaoza porini bila faida ya mtu.

"Sasa hii maji mu esansi, uliiona wapi? Kijiti yako iko wapi? Ile labda yako njo itanipiga fimbo, mutoto wangu. We utaisahau kesho."

Aibu ilinichoma mpaka masikioni. Mzee alivunja vijiti vya matete, tukaanza upya. Kitu gani tumekiona kwa macho? Polepole, moteri haina shida. Akachomeka kijiti mchangani. Nikachota esansi kutoka chini kabisa ya tangi la boti, nikaitia kwenye chupa nyeupe, tukaiacha itulie. Maji hukaa chini ya esansi, hayajifichi. Hayakuwamo hata tone. Kijiti cha pili. Nilitaka kumkimbilia bwana papo hapo, mzee akanikataza.

"Atasema maji imeisha. Tumupelekee nyama yenyewe, si damu."

Tukaingia ziwani, nikaikaza moteri. Baada ya kitambo ikalegea. Sikugusa bugi wala karbirateri. Nilimwomba mzee afungue tu kifuniko cha tangi, aangalie kama esansi bado ipo. Alipokifungua, tangi lilivuta pumzi ndefu kama mtu aliyetolewa majini, na moteri ikaamka! Tukakifunga, baadaye ikalegea. Tukakifungua, ikaamka. Mzee akapiga kofi, akacheka.

Tangi lilikuwa limenyimwa hewa. Nikafuata mrija mwembamba wa kulipumulia mpaka ubavuni mwa boti, na pale mdomoni, nyigu wale wanaojenga kwa udongo walikuwa wameuziba vizuri kuliko fundi mwashi. Polepole, hewa kidogo iliyopenya kwenye kifuniko ilitosha. Kwa mbio haikutosha, na esansi ilikataa kushuka. Nikauzibua kwa waya.

Bwana aliporudi tulimwonyesha chupa na kidonge cha udongo, kisha nikamvuta. Akazunguka ghuba nzima amesimama. Aliposhuka alisema "Bon," yaani vizuri, akautupa ufunguo mchangani mbele ya mzee, akaenda zake. Hata pole hakusema. Nilikasirika, na mpaka leo nikikumbuka nakasirika.

Papa Kibira aliinama na magoti yake mabovu, akauokota. Kisha akang'oa vijiti vyote, akabaki na kimoja, akaenda kukichomeka pale niliposimama asubuhi nikisema labda.

"Hii iache," akaniambia. "Njo pahali ulipotea."

Basi, mwanangu, ugonjwa unaokuja na kuondoka usiutibu kwa kubahatisha. Gusa kitu kimoja, jaribu, uone, ndipo uguse kingine. Na mkubwa akikuuliza habari ya mwenzako, nawe huna ulichokiona, usimpe labda ili kumfurahisha. Mwambie, "Sijaona." Hilo nalo ni jibu fupi.

Mungu akupe macho yanayotangulia mdomo. Na siku mgongo wako utakapokuwa katika ulimi wa mtu mwingine, akujalie mtu anayekumbuka kurudi kwenye kijiti.