Kofia ya Mkwe na Korosho Moja

Bora niseme mwenyewe kabla hamjaisikia kwa dada yangu Sharifa, maana yeye akiisimulia huongeza nyoka na hirizi, na aibu niliyonayo inanitosha bila nyongeza.

Mwanangu Somoe aliolewa ng'ambo ya Ruvuma na kijana anaitwa Momade, fundi simu, na mimi nilimkataa bila sababu ya maana (nilisema hana kwao, kumbe anako, ni mimi tu sikujua), nikasimama uani kwangu hapa Ziwani mbele ya majirani nikaapa kwamba siku akikanyaga hapa uso wake utamharibikia. Miaka tisa Somoe hakuvuka kivuko cha Kilambo kuja kwetu. Mwaka huu akapiga simu, amepata mtoto wa kike, akasema, "Baba, akika tutaifanyia hapo nyumbani, ila mbele ya watu walewale umwambie mume wangu nisamehe, kwa mdomo wako." Nikasema sawa. Nikaenda nikamwambia mbuzi wa akika hilo neno, kujaribu tu, likanikwama kooni mbele ya mbuzi.

Ndipo nikaona nimfumie kofia. Msicheke.

Chumba changu cha uani amepanga Mwalimu Neema, mtu wa Singida, na Jumamosi huwafundisha kina mama barazani kufuma kwa mtindo wa Kitunisia, mozaiki wanaiita, rangi mbili zinapandana kama vigae. Mimi nakaa dirishani najifanya nasikiliza redio (shule niliishia darasa la pili, lakini hapo dirishani sikukosa hata siku moja). Sindano yake ni ndefu, nchani ina ndoano, safari ya kwenda unaokota vitanzi vyote vinabaki juu ya sindano, safari ya kurudi unavitoa, cha kwanza peke yake kisha viwili viwili, na kazi haigeuzwi, upande ni uleule hadi mwisho. Ukifika penye ua la nakshi, kile kitanzi cha rangi ya nyuma hukivutii uzi mpya, unakiokota hivyohivyo unakipandisha. Baadaye nilipojaribu mwenyewe nilisahau vitanzi vya pembeni, kitambaa kikachongoka kama jembe, nikafumua, nikakaza uzi, kikajikunja kama jani la mgomba lililokauka, nikafumua tena.

Siku moja Mwalimu akaninasa. "Babu, kumbe na wewe mwanafunzi! Chukua sindano hii, ninazo mbili."

Nikamwambia nilikuwa natafuta miwani. (Miwani ilikuwa usoni.) Ningeipokea ile sindano, leo nisingekuwa nayasema haya.

Nikachonga yangu kwa spoku ya baiskeli. Sasa sindano ya Mwalimu ina kirungu mkiani ili vitanzi visichomoke, spoku haina, basi nikachukua korosho na ganda lake, nikaipasha spoku moto, nikaitoboa nayo, ikakaa vizuri mno. Nyinyi wa huku mnajua ganda la korosho likipata moto linatoa mafuta gani, yanababua ngozi. Mimi najua kuliko nyinyi, nimebangua korosho tangu ujana, na shida ndiyo hiyo, mikono yangu ilishakufa, haiwashwi wala haiungui. Vitanzi vya mwanzo wa kila safu vikawa vinasongamana kwenye korosho, vinalowa, uzi mweupe upande ule ukageuka kahawia, nikasema moyoni, si rangi ya pili ni kahawia, nani atajua, na hapo nitashona mshono ukae kisogoni.

Siku ya akika ua ulijaa. Momade kakaa kwenye jamvi, Somoe ananitazama, mtoto mapajani. Nikasimama, nikafungua mdomo, badala ya neno nikatoa kofia. Kwa haraka nikamvisha kinyume, mshono ukaja kwenye paji la uso. Vigelegele! Somoe peke yake hakupiga.

"Na neno, Baba?" akaniuliza taratibu.

"Tule kwanza."

Kofia ya sufu, mchana, joto la kwetu. Kijana kwa heshima hakuivua, jasho likamtiririka, akawa anajifuta kwa kiganja, anajifikicha macho, na hadi pilau linaisha jicho moja halionekani. "Baba, uniwie radhi, inaniwasha kidogo," akasema, akaivua, na katikati ya paji pamevimba, pekundu pakielekea weusi, mahali palepale pa alama ya kusujudu.

"Uso!" Sharifa akapiga ukelele. "Si aliapa uso huyu?"

Mzee mmoja akaichukua kofia kwa kijiti. "Umeweka nini humu?"

Nikanyamaza (niseme nini, mchawi au mfumaji?), na kunyamaza kwangu kukawa ushahidi. Watu wakaanza kuvuta watoto wao. Mwisho nikasema, "Nimeifuma mwenyewe."

"Wewe? Kwa mikono gani?"

"Ni kweli," akasema Mwalimu Neema, masikini, akidhani ananiokoa. "Huwa anajifunzia dirishani, Jumamosi, na kina mama."

Nikaenda ndani nikaleta spoku na korosho yake. Kicheko kilichopigwa pale sijawahi kukisikia, na mkwe wangu analazwa apakwe mafuta ya nazi.

Asubuhi wakafunga mizigo, walipanga kukaa wiki. Nilikuwa sijampakata mjukuu hata mara moja. Nikanyoosha mikono.

Somoe akaitazama. "Mikono hiyo, Baba? Hapana." Akamfunga mtoto mgongoni. "Neno lilikuwa moja tu."

Sindano sishiki tena maisha yangu, na kiapo sili tena, hiki kiwe cha mwisho. Neno lenyewe bado nalifanyia mazoezi, ila mbuzi hayupo, tulimla. Nikipiga simu anapokea Momade mwenyewe, "Shikamoo Baba, paji limeshaambua ngozi, usijali," na mimi namuuliza kama kwao mvua imenyesha.