Mama mukwe na kaseti ya hevi metali

Bandugu, leo nimemutoa mama mukwe machozi!

Alikuja kwetu Alunguli mara ya kwanza. Abakosti, ile koti yangu ya heshima, inanibana, nikawasha redio bila kuangalia kaseti.

Kumbe njo ile yangu ya hevi metali, muziki mbili zinagombana ndani ya wimbo moja!

Gita zikaanza polepole, kama kwenye kilio. Mama akainama, akalia.

Mara ngoma zikakimbia, muimbaji akapiga makelele kama mutu anayeungua.

Nikaruka kuzima.

“Acha, mukwe,” akasema. “Siku tulimuzika bwana yangu, baba ya bibi yako, nililia vile vile. Kwanza polepole, kisha makelele, mpaka wakanishika.”

Tukasikiliza mpaka mwisho. Mimi nilikaa, nikasimama, nikakaa tena.

Akapanguza uso.

“Geuza. Upande ingine iko na nini?”

Ninyi mungegeuza?