Mfalme Niliyemwahidi Papa Bosco

Kosa lilikuwa langu, wala simsingizii shetani. Siku za kazi nabeba maboksi kwenye ghala huku ughaibuni, mjini Grand Prairie. Jumamosi nilikuwa namtengenezea rafiki yangu zimwi la filamu yake, kwa kompyuta. Pembe lilikuwa nazo, na meno pia, ila lilitembea kama kabati linalosukumwa. Nilihitaji mtu wa kumwiga.

Kanisani kwetu hakuna anayetembea kama Papa Bosco, kiongozi wa kwaya: mikono nyuma, tumbo mbele, goti la kushoto linachelewa. Nikamwomba nimrekodi kwa simu.

"Mimi niko nani mule ndani?" akauliza.

Huyu ndiye aliyenipokea uwanja wa ndege nilipotoka kambi ya wakimbizi, akanivisha koti lake. Nimwambie yeye ni zimwi?

"Mfalme, Papa."

Akatembea kifalme mara kumi. Akacheka, akakaripia, nikarekodi vyote. Nilijipongeza kwamba hata kukunja nyusi kwake nimekupata. Eti pembe zitamficha!

Siku ya kuonyesha filamu, kwenye ukumbi wa kanisa mjini Irving, alikuja na kwaya nzima, amevaa suti nyeupe. Zimwi likatoka pangoni, mikono nyuma, goti likachelewa. Mjukuu wake akapanda juu ya kiti: "That's Babu!"

Kwaya ilicheka mpaka machozi. Zimwi likakatwa kichwa, filamu ikaisha, taa zikawaka. Papa Bosco akaniinamia taratibu.

"Mwanangu, mfalme anaingia saa ngapi?"