Maziwa ya Wakili

Ukifika sokoni Sotik utamjua kwa mikono yake: weusi wa mkaa umeingia hadi kwenye kucha, na harufu ya moshi haimtoki hata akioga. Jirani yangu huyu alisomea sheria Nairobi akahitimu, kisha akarudi nyumbani kutengeneza mursik, yale maziwa yetu ya kuchachushwa ndani ya kibuyu. Kila asubuhi huchoma kijiti hadi kiwe mkaa, akasugua nacho kibuyu kwa ndani polepole ili maziwa yapate ladha ya moshi, akanusa, halafu akasugua tena. Ana sauti ya kujaza mahakama, lakini akishika kibuyu haongei. Watu walinunua mara moja tu kwa kumhurumia, maana kwetu kazi hii ni ya akina mama.

Jumamosi Mama Chepkurui, aliyekuwa akimwoza binti yake, alikubali kuonja kabla ya sherehe. Angetema, hakuna mama mwingine Sotik angenunua tena. Wanawake wa sokoni wakaanza kumchokoza jirani yangu huku wakicheka.

"Wakili, leo unatetea maziwa?"

"Na mashahidi wako ni ng'ombe?"

Yeye akamimina kwa mikono miwili, akampa mama kikombe. Mama Chepkurui akaonja, akafumba macho, akamaliza kikombe chote na kukinyoosha kiongezwe. Kisha akavivuta vibuyu vyote kwake, akavifunika kwa leso.

"Na sisi je, Mama?" wakalia wale wale waliokuwa wakicheka.

"Hii ni ya wakwe," akasema. "Nyinyi mtapewa soda."