Mama haachii fremu

Sijawahi kumwambia mtu yeyote: mama yangu aliugua saratani.

Jumatatu tunapewa majibu ya kipimo cha marudio, tujue kama imerudi.

Leo nilikuwa peke yangu kwenye fremu yake, chumba cha duka anachouzia vitambaa vya mapazia, Kariakoo. Mzee wa duka la jirani akaingia na futi, akaanza kupima ukuta wetu.

"Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Poleni, nasikia mama anaumwa. Mkiiachia hii fremu, mnijulishe mimi wa kwanza."

Mimi hata darasani sauti hainitoki.

"Mama haachii, mzee. Kapime kwako."

"Kumbe una mdomo wewe."

(Kama nilikosa adabu, niambieni.)

Akaondoka, akasahau futi yake.

Nikampimia nayo mteja wa kwanza mita nne za pazia.