Mzee Aliyesema Toa

Juzi, katika duka la kompyuta pale mjini Kabati, mzee wa kanisa alileta kompyuta kuukuu ili itengenezwe, imsomee Biblia mama mmoja asiyeona. Mama mwenyewe alikaa kando, mikono mapajani. Fundi akaeleza kwamba mashine imelemewa. Atakijenga upya kiini cha mfumo wake, yaani programu kuu inayoendesha vifaa vyote, na kuacha nje yote yasiyohitajika.

"Sehemu hii ya kamera, mzee?"

"Toa."

"Ya michezo?"

"Hiyo ni ya dunia. Toa kabisa."

"Na hii ya muziki na sinema?"

"Kijana, huyu ni mama wa maombi. Toa."

Kazi ilipokwisha, mashine iliwaka upesi ajabu. Maandiko yakapita kwenye skrini, kimya. Mama akatega sikio. "Imeanza kusoma?"

Fundi akainamisha kichwa. Sehemu inayotoa muziki ndiyo hiyo hiyo inayotoa sauti ya Neno.

Ndugu zangu, tunapogoa mzabibu kwa bidii kubwa, wala hatumwulizi anayengojea zabibu. Mzee yule alimpenda mama. Alimpenda pasipo kumsemesha.

"Nitaanza upya," fundi akasema.

"Anza, mwanangu," mama akajibu. "Lakini sasa uniulize mimi."