Siku Moshi Wetu Ulipowainua Wakwe

Enzi zetu, sisi wazee tuliozaliwa kabla simu haijaijua sura ya mwenyewe, kitu ukikitaka ulikuwa unakiunda. Najua wenzangu wa darasa la kumi na moja mtanielewa. Goti linaniuma kila nikipanda ngazi za skuli, na nikiwatazama watoto wa siku hizi, hawa wa darasa la tano, nnatikisa kichwa kama mstaafu. Hawajui barafu hawa. Wanajua kitufe.

Tulikaa Mabela, nyumba mpya kwenye mtaa mpya, ambako kila kiwanja cha mpira tulichokizoea kiliamka siku moja kina msingi wa nyumba ya mtu. Jioni ilinukia saruji mbichi na mandazi ya iliki ya Bibi, na ndara zetu zilinuka mpira ulioanza kuyeyuka kwa joto. Tulicheza mpaka Magharibi, halafu Bibi akaita kwa sauti iliyopita kuta tatu: "Ingieni ndani nyie, saa ya mashetani hii!" Kila siku tuliambiwa mashetani, kila siku hatukumwona hata mmoja. Mwisho tukaamua kuwatengeneza wenyewe.

Fikra ilikuwa ya binamu yangu Khalfan, mtoto aliyekuwa na jawabu la kila kitu isipokuwa mtihani. Aliona video ya Halowini ya huko ng'ambo: ua mzima umefunikwa na moshi mweupe mzito, haupandi juu, unatambaa chini kama una miguu. Sisi nusu ya Ramadhani tulikwishazoea kugonga milango ya majirani, tukaimba, tukajaziwa mifuko peremende na njugu. Lakini pale hakuna aliyekuogopa, walikubana mashavu tu. Khalfan alitaka kuogopwa. Tulipomwomba Bibi ruhusa alijibu, "Sikukuu ya mashetani? Mimi wawili ninao humu ndani, wananitosha." Tukaihesabu kuwa ni ruhusa.

Mashine ya moshi ilikuwapo. Babake Khalfan anakodisha vyombo vya harusi, na ile ndiyo inayompitisha bibi harusi mawinguni. Ila moshi wake hutoka wa moto, na wa moto hupanda ukapotea. Ukitaka ulale, uupoze kwanza. Ukipoa unakuwa mzito, unateremka, unatambaa sakafuni kama mtu anayetafuta pete iliyomdondoka. Kwa hiyo ilibidi tuuundie friji yake.

Tulichukua deli la Baba, lile sanduku kubwa la barafu analokwenda nalo Sidab kununua samaki. Tukalitoboa mbele na nyuma. (Baba hakuulizwa, alionekana ana shughuli.) Ndani tukalaza wavu wa dirisha juu ya vipande vya matofali, juu ya wavu tukajaza barafu mpaka kifunikoni, chini yake ikabaki njia kama pango. Tundu la nyuma tukalipachika mdomo wa mashine, la mbele tukalitia kipande cha bomba la mashine ya kukaushia nguo. Tepu tuliyozungushia ingetosha kumfunga ngamia akatulia. Na barafu tuliikuta jikoni, mifuko imepangwa vizuri, kama inatusubiri.

Haikuwa inatusubiri sisi. Ilikuwa ya sharbati ya wageni. Magharibi ile walikuwa wanakuja watu kumposa Shangazi Zuwena, dada mdogo wa Baba, mwalimu wa hesabu, ambaye alikuwa ameshakataa wachumba mpaka Bibi akaacha kuagiza halwa mapema. Lakini huyu wa sasa, Badar, alimtaka mwenyewe. Tangu asubuhi Shangazi alikuwa anaipiga pasi nguo ileile. Sisi tuliambiwa tu, "Kaeni uani, msionekane."

Tukakaa uani. Tukawasha. Moshi ulitoka wa baridi, mzito, umelala kama shuka, na unanuka jodari. Deli lile lilikuwa limebeba samaki tangu sijazaliwa.

"Shetani gani ananuka jodari?" Khalfan alinifokea, kana kwamba mimi ndiye niliyemvua.

Nikakimbilia chumbani kwa Bibi, nikachukua chetezo na ule udi wake mzuri, wa wageni. Tukakiwasha, tukakiweka juu ya tofali ndani ya pango, mbele ya mdomo wa mashine. Tulipobonyeza mara ya pili, wallahi, nilitaka kulia. Ua wote ulijaa wingu la kufika vifundoni, baridi, linanukia harusi. Nikajifunga shuka, nikalala chini kama maiti, tukawasubiri watoto wa majirani waingie kwa mlango wa nyuma.

Moshi haukuwasubiri. Fundi aliyejenga ua wetu alikosea mteremko. Ukiuosha, maji yote yanakwenda kwenye mlango wa majlisi, chumba cha wageni, na moshi ukafuata njia ya maji. Ukapita chini ya mlango.

Sasa, kwetu udi ukishapita, mgeni amekwisha kuagwa. Unajifukiza, unashukuru, unatafuta viatu. Hakuna anayekwambia ondoka, udi ndio unaosema. Na humo ndani kahawa haijamiminwa, babake Badar ndiyo kwanza anakohoa ili aanze kulitoa neno lililomleta. Akanusa. Akatazama chini. Miguu yake haipo.

"Haya," nilimsikia akisema polepole, na fimbo ikagonga sakafu. "Tumefahamu. Mwenyezi Mungu awape kheri."

"Mzee, kaa! Kahawa bado!" Baba alikuwa ameshapaliwa na maneno.

"Baba'ngu, nyumba ikishafukiza, imefukiza."

Nikasikia wote wanasimama. Khalfan akaanza kuninong'oneza, "Zima! Zima wewe!" na mimi ndani ya shuka sioni mashine wala mkono wangu. Nikainuka kuitafuta. Mlango wa majlisi ukafunguliwa saa hiyohiyo, na mzee wa watu, aliyefukuzwa kwa udi, akakutana na maiti inapapasa kwenye wingu.

"Audhubillahi!" Akarudi nyuma hatua moja kubwa, ya kijana.

Ndipo alipotokea Shangazi Zuwena, kwa mlango wa jikoni, birika la kahawa mkononi, siku ambayo mwanamwali hata kivuli chake hakitakiwi kuonekana.

"Udi huo si wetu," alisema kwa sauti ya darasani. "Ni wa mashetani hawa wawili. Wa nyumba hii nnaufukiza mimi, na leo bado sijataka mtu aondoke."

Baba alitazama dari. Badar, ambaye tangu aingie hakutoa neno, akakaa. "Mimi nimeshakaa, Baba," alisema.

Mzee akautazama moshi, akamtazama Zuwena kwa muda, kisha akakaa naye. "Kahawa basi," alisema. "Na uniletee na miguu yangu."

Sharbati ilinywewa ya moto. Deli lilivuja maji ya samaki garini, na gari lile lilinuka Sidab mpaka lilipouzwa. Shangazi akaolewa, akahamia Wattaya, na tangu hapo ukimletea Ammi Badar udi, kwanza anatazama miguu yake. Akiiona, anaaga. Asipoiona, anaomba kahawa.

Juzi mdogo wangu Said amenunuliwa mashine yake, friji imo humohumo, imeletwa mlangoni na mtu wa pikipiki. Akabonyeza. Moshi ukalala vizuri kuliko wetu, nalisema hili kwa uchungu, na hauna harufu ya kitu chochote. Wenzake wakaupiga picha, halafu wakakaa wanatazama picha, na moshi wenyewe upo pale unawangoja. Ukachoka, ukafuata mteremko, ambao hakuna aliyeutengeneza mpaka leo, ukaingia majlisi.

Ammi Badar alitazama chini, miguu haipo. Akanusa, akanusa tena. Akamgeukia Shangazi. "Sasa hii vipi? Tunakwenda au tunakaa?"

"Kunywa kahawa yako," Shangazi akamjibu.

Said alikuwa amesimama mlangoni, anasubiri wastuke. Hakuna aliyegeuza shingo. Maskini mtoto, ana moshi mzuri kuliko wote Mabela, na hauwezi kumwinua mtu hata mmoja.